Mitihani ya Masomo kwa Vyuo vya Marekani: Ipi Ufanye, Ipi Uache

Kitabu cha mazoezi chenye maneno "SAT Subject Test" kwenye jalada bado utakikuta kwenye meza za vitabu vilivyotumika, na bado wapo wazazi wanaokinunua kwa nia njema. Mtihani wenyewe haupo. College Board, wenye SAT (mtihani wa jumla wa kuombea vyuo vya Marekani), walitangaza Januari 2021 kwamba wanaufuta. Ndani ya Marekani ulisimama hapo hapo; kwa watahiniwa wa nchi nyingine ulifanyika kwa mara za mwisho Mei na Juni mwaka huo. Ushauri wowote wa aina ya "fanya Math Level 2 na Chemistry" ni wa zama zilizopita, hata kama aliyeutoa alisoma chuo kikubwa kabisa kule. Anakumbuka vizuri, ila anakumbuka utaratibu ambao haupo.

Inafaa kujua ulivyokuwa, maana mazoea yake ndiyo yanayoendelea kupotosha watu. Masomo yalikuwa 20, kila mtihani saa moja, maswali ya kuchagua matupu, alama 200 hadi 800, na mtu aliweza kufanya hadi mitatu kwa siku moja. MIT walidai miwili, mmoja wa hisabati na mmoja wa sayansi. Georgetown walipendekeza mitatu. Hapo ndipo ilipozaliwa ile imani kwamba kila mwombaji ana "idadi" yake ya kutimiza. Leo vyuo vinavyotaja idadi ni vichache mno, na anayejaza mitihani ili kufikisha idadi anajilipisha bure.

Kilichobaki kwa upande wa masomo ni AP (Advanced Placement), mitihani ya College Board ya kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari. Hufanyika Mei, kwa wiki mbili, alama 1 hadi 5, na nyuma ya kila mtihani kuna kozi ya mwaka mzima. Tofauti hii huwapita wengi. Subject Test mtu aliweza kujipanga kwa wiki chache akitegemea aliyosoma darasani. AP nyingi ni kama saa tatu za kazi, na sehemu kubwa ya alama hutoka kwenye maswali ya kujibu kwa maelezo, ambayo msahihishaji huyapima kwa mwongozo unaogawa pointi hatua kwa hatua. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama kwenye maswali ya kuchagua, kwa hiyo usiache nafasi tupu; lakini kubahatisha hakukufikishi kwenye 5.

Kazi ya mtihani kwanza, somo baadaye

Kabla ya kutaja somo lolote, jiulize mtihani huo utakufanyia kazi gani. Wakati mwingine ni kukidhi sharti la chuo. Wakati mwingine ni kuthibitisha kwamba alama za shule yako, ambayo afisa udahili hajawahi kuisikia, zina uzito. Na wakati mwingine ni krediti tu, yaani kuruka kozi za mwaka wa kwanza na kuokoa ada. Mtihani mmoja unaweza kufanya zote tatu, ila mara nyingi haufanyi, na asiyezitenganisha ndiye hulipia mitihani sita akatumia miwili.

Tuanze na sharti, maana hapo hakuna maoni, kuna kanuni. MIT walirudisha sharti la SAT au ACT (mtihani mshindani wa SAT) mwaka 2022 na hawapokei AP badala yake. Yale, tangu tangazo lao la Februari 2024, wanakubali mojawapo: SAT, ACT, AP au IB (mtaala wa kimataifa wa sekondari). Lakini ukipita njia ya AP unatakiwa kutoa alama za AP zote ulizokwisha kufanya, pamoja na ile 2 ya darasa la 10 uliyotamani isahaulike. Dartmouth wana mlango mpana zaidi kwa wanaosoma nje ya Marekani: SAT, au ACT, au AP tatu, au IB, au A-Level, au mtihani wa taifa unaolingana nayo. Harvard walirudisha SAT na ACT Aprili 2024, wakaacha dirisha kwa asiyeweza kabisa kuzifikia: hapo AP, IB, A-Level na mitihani ya taifa ya kumaliza shule hupokelewa. Chuo Kikuu cha California, kampasi zake zote, hakitazami SAT wala ACT katika udahili.

Vyuo vitano, kanuni tano tofauti. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni karatasi: majina ya vyuo vyako upande wa kushoto, kisha safu ya kinachodaiwa, safu ya kinachokubaliwa badala yake, safu ya krediti, na safu ya tarehe ya mwisho. Ijaze kutoka kwenye ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, wa mwaka unaoombea. Video ya mwaka juzi haikusaidii. Sera hizi zimekuwa zikibadilika msimu hadi msimu. Ukimaliza karatasi hiyo, mara nyingi utakuta mitihani iliyokuwa inakukosesha usingizi haidaiwi na chuo hata kimoja.

Aliye kidato cha sita ana mtihani wa masomo tayari

Mwanafunzi wa PCM au PCB (fizikia na kemia, pamoja na hisabati au biolojia) Tanzania mara nyingi huuliza aifanye wapi AP. Jibu letu kwa wengi wao ni: usiifanye. ACSEE, mtihani wa taifa wa kidato cha sita, yenyewe ni mtihani wa masomo matatu wa ngazi ya juu, na Advanced Mathematics ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) inagusa sehemu kubwa ya yale yaliyomo kwenye AP Calculus, ikiongeza namba changamano na mengine ambayo AP haiulizi. Kulipa ili kuthibitisha kwa AP kile ambacho cheti kitasema ni kurudia kazi.

Kuna na kikwazo cha kalenda. AP ni Mei. ACSEE nayo huanza Mei. Anayejaribu kuzibeba pamoja atakaa Jumatatu na karatasi ya kwanza ya Physics ya NECTA na Jumanne na AP Physics C, mihtasari miwili kichwani, na hapo ule usemi wa mshika mbili hauhitaji kufafanuliwa. IB nayo huangukia majira hayo hayo. AP zina wiki ya nyongeza baada ya mbili za kawaida kwa wenye migongano, lakini hiyo huombwa na shule inayosimamia, kwa sababu zinazotambuliwa, na haikupunguzii mzigo wa kusoma.

Tatizo halisi la mwanafunzi wa ACSEE si ukosefu wa mitihani, ni kuchelewa kwa matokeo. Hutoka Julai, wakati tarehe za mwisho za maombi nyingi ni Novemba mosi kwa wanaowahi na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Kwa hiyo afisa udahili anayekusoma Januari hana ACSEE yako. Ana CSEE (cheti cha kidato cha nne), ana matokeo ya muhula ya kidato cha tano na cha sita, ana makadirio ya walimu, na ana SAT ukiwa umeifanya. Makadirio hayo yanaombwa mapema, kwa barua yenye mhuri wa shule, yakitaja somo moja moja na alama inayotarajiwa. Mwalimu mkuu ambaye hajawahi kuyaandika huhitaji kuonyeshwa mfano. Wengine huamua kusubiri mwaka mmoja na kuomba wakiwa na cheti mkononi. Si njia mbaya, mradi mwaka huo usipite bila kazi ya kueleza kwenye fomu.

Ratiba inayofanya kazi kwa kidato cha sita ni hii: SAT ya kwanza Machi au Mei ya kidato cha tano, ya pili Agosti au Oktoba ya kidato cha sita. Desemba ni akiba. Mei ya kidato cha sita iachie NECTA peke yake.

Mwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yuko mahali pengine. Mtihani wake unashika Oktoba na Novemba, kwa hiyo SAT za miezi hiyo zinamgonga. Machi, Mei, Juni na Agosti ndizo zake. Na kwa kuwa KCSE haina ngazi ya juu inayofuata kama kidato cha tano na sita, mwombaji wa uhandisi kwenye chuo chenye ushindani mkali hushindanishwa na vijana waliosoma kalkulasi mwaka mzima, hali yeye ana mada za mwanzo tu za kutofautisha na kuunganisha. Huyu ndiye AP Calculus inaweza kumsaidia kweli, kama kuna shule ya mtaala wa Kimarekani karibu itakayokubali kumpa kiti mtahiniwa wa nje. Shule hailazimiki. Oda za mitihani ya Mei hufungwa katikati ya Novemba ya mwaka uliotangulia, na shule nyingi hujiwekea tarehe yao ya mapema zaidi, kwa hiyo anayepiga simu Januari amechelewa. Piga Septemba, na uliza mambo mawili tu: je, mnapokea watahiniwa wasio wanafunzi wenu, na je, somo ninalotaka mnalisimamia? Shule yenye AP kumi na mbili haina lazima ya kuagiza mtihani ambao hakuna mwanafunzi wake anayeufanya.

Uchaguzi wa masomo yenyewe

Sasa kwa aliye kwenye shule ya Marekani, au shule yenye AP. Kanuni ni kuanzia kozi ya mwaka wa kwanza ya fani unayoitaka, kisha kurudi nyuma. Ukifungua orodha ya kozi za uhandisi mitambo kwenye chuo chochote utaona kalkulasi na fizikia muhula wa kwanza. Hapo ndipo alama zako zinapotazamwa kwa makini. Historia ya sanaa yenye 5 ni pambo zuri, lakini haijibu swali la msomaji wa fomu ya uhandisi.

Calculus ina mbili, AB na BC. BC ni AB yote pamoja na mbinu zaidi za kuunganisha, milinganyo ya kiparametriki na ya polari, na mfululizo usio na kikomo. Hazifanyiki zote mwaka mmoja, na hakuna haja: anayefanya BC hupewa pia alama ndogo ya AB, ambayo vyuo vingi huitambua hata kama BC yenyewe haikukaa vizuri. Watu huiogopa BC kwa jina, lakini katika miaka ya karibuni zaidi ya 40 kwa mia ya wanaoifanya wamepata 5. Hiyo haimaanishi ni rahisi kuliko AB. Inamaanisha wanaoifika ni wale ambao tayari wako imara, na ndiyo sababu kulinganisha asilimia za 5 kati ya masomo hakukuambii lipi jepesi kwako. Mtego wenyewe uko kwenye mfululizo: ndiyo mada ya mwisho kufundishwa, walimu huifikia Machi wakiwa wamechoka, na ina uzito wa takribani moja ya sita ya mtihani. Aliyetoka na Advanced Mathematics ya Tanzania atakuta mengi anayajua, Taylor na Maclaurin pia, ila vipimo vya kujua kama mfululizo unakaribia kikomo atahitaji kukaa navyo wiki kadhaa.

Mtihani wenyewe una maswali 45 ya kuchagua, 30 bila kikokotoo kwa dakika 60 na 15 kwa kikokotoo kwa dakika 45, kisha maswali sita ya kujieleza: mawili na kikokotoo kwa nusu saa, manne bila, kwa saa moja. Pointi zinazopotea kizembe ni za sababu. Swali likisema "eleza kwa nini", jibu sahihi bila kutaja kwamba fanksheni ni endelevu (haikatiki) au kwamba derivativu imebadilika ishara halipati pointi yote. Na huhitaji kukamilisha kila kitu: theluthi mbili ya pointi zote mara nyingi imetosha kufika 5 kwenye BC. Kujua hilo hubadilisha jinsi unavyogawa muda. Swali lililokukwama unaliacha bila majuto.

Fizikia ndiyo yenye uchaguzi mbaya zaidi. Physics 1 na Physics 2 hutumia aljebra. Physics C hutumia kalkulasi na imegawanyika mitihani miwili inayojitegemea, Mechanics na ile ya umeme na sumaku. Kwa uhandisi na fizikia, C: Mechanics yenye alama nzuri husema zaidi kuliko Physics 1 na 2 kwa pamoja. Kosa la kawaida ni kuichukua mwaka ule ule unaoanza kalkulasi. Kufikia Novemba, darasa la fizikia linahitaji kuunganisha ili kutatua mwendo wenye ukinzani wa hewa, na darasa la kalkulasi bado liko kwenye limiti. Kama kalkulasi yako inaanza darasa la 12, chukua Physics 1 darasa la 11 na uache C iende sambamba na kalkulasi mwaka wa mwisho, ukijua kwamba alama yake haitaonekana kwenye maombi.

Hilo la kuonekana ni la msingi kuliko linavyosikika. Matokeo ya AP hutoka Julai. Vyuo huamua kabla ya Aprili. AP yoyote ya Mei ya darasa la 12 haina kazi kwenye udahili. Ni ya krediti tu. Zinazokusaidia kuingia ni za darasa la 10 na 11. Kwa hiyo somo linalobeba fani yako lifanye darasa la 11 kama ratiba ya shule inaruhusu, na mwaka wa mwisho usilipie mtihani kabla ya kutazama safu ya krediti kwenye karatasi yako.

Na safu hiyo ina mambo. Ohio, Illinois na Florida, vyuo vya umma vinatakiwa kutoa krediti kuanzia alama 3. Kwa familia inayolipa ada yenyewe, AP nne zenye 3 na 4 zinaweza kuondoa muhula mzima. Kwenye vyuo vya kuchagua sana hesabu inageuka: MIT hutoa krediti ya kalkulasi kwa BC yenye 5 lakini hawatoi kitu kwa AP Chemistry, na Dartmouth waliacha zamani kuhesabu AP kama krediti za kuhitimu, huitumia kukupangia darasa la kuanzia. Anayelenga udaktari naye awe mwangalifu. AP Biology na Chemistry zinafaa kumsaidia kuingia chuoni, lakini skuli nyingi za udaktari hutaka kuona biolojia na kemia zilizosomwa chuo kikuu, kwa hiyo kuziruka kwa krediti kunaweza kumrudia baadaye.

Takwimu, AP Statistics, ni ya watu wa uchumi, saikolojia, afya ya jamii. Haichukui nafasi ya kalkulasi. Sifa yake ni kwamba mtu mwenye nidhamu anaweza kuisoma mwenyewe. Hesabu zake ni nyepesi, kazi iko kwenye kuandika hitimisho kwa muktadha wa swali. Kemia na fizikia hatumshauri mtu kuzisoma peke yake bila maabara, labda awe ametoka nazo kidato cha sita.

Kwa upande wa historia, World History: Modern inaanzia karibu mwaka 1200, na biashara ya Bahari ya Hindi pamoja na miji ya pwani ya Waswahili imo ndani ya mada zake. Kijana aliyesoma habari za Kilwa shuleni atafurahi kuiona, lakini asidhani imekuwa rahisi. Mtihani unapima insha ya nyaraka: nyaraka saba, dakika 60, robo saa ya hizo ikipendekezwa kwa kusoma. Lazima utoe hoja, utumie nyaraka kuiunga mkono, na ueleze mwandishi wa waraka alikuwa nani na alisema hayo kwa sababu gani. Aliyezoea insha za kukariri tarehe huanguka hapo hata akijua historia zaidi ya wenzake.

Lugha ya nyumbani

AP ya Kiswahili haipo, na hata enzi za Subject Test haikuwepo. Kwa watoto wa familia za Kongo wanaoishi Kentucky, Ohio, Texas na kwingineko kuna jambo jingine ambalo mara nyingi hakuna anayewaambia: AP French. Aliyesoma shule ya msingi Bukavu, Goma au Lubumbashi kwa Kifaransa ana mtaji ambao mwenzake wa Marekani ameutafuta miaka minne. Huhitaji kuwa umekaa kwenye darasa la AP French ili kuufanya mtihani. Mwone mratibu wa AP wa shule Septemba umwambie unataka kuagizwa.

Ila mtaji huo una tundu. Watoto hawa husikia na kusema vizuri, kuandika kumelala tangu waondoke. Mtihani, kwa muundo uliozoeleka, unadai kujibu barua pepe rasmi, na hapo kumwita mwandikiwa "tu" badala ya "vous" kunashusha alama; unadai insha yenye hoja kutoka vyanzo vitatu; na unadai mazungumzo ya kurekodiwa ambapo kila jibu lina sekunde 20. Sekunde hizo ni chache kuliko unavyodhani, na ukimya unarekodiwa pia. Miezi miwili ya kuandika barua moja na insha moja kila wiki, zikasahihishwa na mtu anayejua uakifishaji wa Kifaransa, hubadilisha 3 kuwa 5. Baadhi ya vyuo hutoa krediti za mihula miwili au zaidi kwa alama hiyo.

Kujipima kabla ya kulipa

Mtihani wa AP nje ya Marekani na Kanada ni kama dola 130, ndani ni kama 100. Ukichelewa kuagiza au ukiagiza usiufanye, dola 40 zaidi. SAT nje ya Marekani, na tozo ya kimataifa, hupita dola 100. Msamaha wa ada ya SAT kwa wenye kipato kidogo haumfikii raia wa Tanzania au Kenya aliyeko nyumbani. Kwa anayesoma Marekani upo, na AP nazo hupunguzwa. Fomu iko kwa mshauri wa shule na haiji yenyewe.

Kwa bei hizo, jipime kwanza. College Board huweka wazi maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihishia. Chukua seti moja ya somo, Oktoba, kabla ya oda kufungwa. Chagua maswali ya mada ulizokwisha kusoma tu, jiwekee saa, kisha mwombe mtu mwingine asahihishe kwa mwongozo, maana mtu akijisahihisha hujihurumia. Ukipata nusu ya pointi kwenye mada ulizosoma, endelea. Ukipata chini ya theluthi, na chuo chako hakidai somo hilo, liache. AP tatu zenye 5 kwenye fani yako zinakujenga kuliko saba zenye 3 zilizotawanyika.

SAT na ACT tunazitaja kwa ufupi kwa sababu wengi hufanya zote mbili bila sababu. Vyuo hupokea yoyote. SAT ya sasa ni ya kompyuta: saa 2 na dakika 14, maswali 98, na sehemu ya pili ya kila somo huwa ngumu au nyepesi kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Aliyekulia na hisabati ya NECTA isiyoruhusu kikokotoo hadi kidato cha nne hutatua kila kitu kwa mkono na muda unamwishia. Kikokotoo cha grafu cha Desmos kimo ndani ya mtihani, na wiki mbili za kukizoea zina faida kuliko kitabu kingine cha mazoezi. ACT imefanya sehemu ya sayansi kuwa ya hiari. Fanya jaribio moja la kila mmoja, chagua mmoja, uache mwingine.

Anayeomba Uingereza pia aongeze safu kwenye karatasi. Kwa mwenye diploma ya Marekani, Oxford hutaka AP nne zenye 5, au tatu pamoja na SAT ya alama za juu. Cambridge na Imperial kwa uhandisi na sayansi hutumia ESAT, mtihani wao wa udahili, na huko uchaguzi wa masomo umerudi kama zamani: Mathematics 1 kwa wote, kisha sehemu mbili zaidi kati ya biolojia, kemia, fizikia na Mathematics 2, maswali 27 kwa dakika 40 kila sehemu, bila kikokotoo. Uhandisi wa Cambridge unataka Mathematics 2 na fizikia, hakuna hiari. Usajili wa kikao cha Oktoba hufungwa Septemba, wakati wengi bado wanafikiria SAT.

Kutuma alama

Alama za AP hutumwa bure kwa chuo kimoja ukikichagua kabla ya Juni 20. Baada ya hapo kila chuo ni dola 15. SAT inakupa vyuo vinne bure hadi siku tisa baada ya mtihani. Vyuo vingi huruhusu kujaza alama mwenyewe kwenye fomu na kudai ripoti rasmi baada ya kukukubali tu, kwa hiyo usilipie ripoti kumi Desemba. Kwenye vyuo vya ushindani mkali toa 4 na 5, na 3 iache isipokuwa chuo kinakuambia utoe zote.

Kinachokwamisha wengi zaidi mwishoni ni majina. Cheti cha NECTA kina majina matatu, pasipoti ina mpangilio wake, rejesta ya shule ya Marekani imeandika jina la babu kama la ukoo, na mwanafunzi amefungua akaunti mbili za College Board kwa majina mawili tofauti. Alama za akaunti moja hazionekani kwenye nyingine, na chuo kinaandika kwamba hakijapokea kitu. Fungua akaunti moja, kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, na kwa barua pepe yako binafsi, maana ya shule hufungwa ukishamaliza. Kama tayari una mbili, wasiliana na College Board waziunganishe, na ufanye hivyo Agosti kabla foleni haijawa ndefu.